Fimbo ya Majid Masolwa

Ko. Ko-ko. Ko.

Sauti ilianzia mwisho wa uchochoro ikaja mlango kwa mlango. Fimbo ya mpingo juu ya mbao: pigo moja, kisha mawili ya haraka, kisha moja la kumalizia, kama mtu anayetia sahihi. Darwesh alikuwa ameketi peke yake kwenye jamvi la chuo cha Kurani, nyuma ya nyumba ya Maalim Nasor, akipanga majuzuu ya wanafunzi wa asubuhi. Hakuhitaji kuona. Kabla akili yake haijasema neno, mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha kupanda ukafunika sikio, na magoti yamejikunja kifuani.

Aliuteremsha ule mkono kwa hasira. Mtu mzima, mwenye ndevu, aliyehifadhi nusu ya Kurani, mtunzi ambaye mashairi yake yanaimbwa mpaka stesheni, na bado mkono unapanda wenyewe kama wa mtoto wa miaka sita. Hilo lilimuudhi kuliko fimbo yenyewe.

"Sasa huyu amefuata nini huku?" alisema peke yake. Tangu alipohama nyumba ya baba yake, baba huyo, Majid Masolwa, hakuwahi kukanyaga mtaa huu. Walikuwa wamegawana mji bila kuambiana: baba mtaa wa Cheyo na vilabu vyake vya pombe, mwana msikiti na chuo.

Mlango uligongwa. Darwesh akaufungua kwa nguvu, maneno makali yakiwa tayari mdomoni, na yakakosa wa kuyapokea. Aliyesimama pale hakuwa baba yake. Alikuwa Bi Maua, muuza vitumbua wa stesheni, mama wa Kizaramo mwenye mwili mkubwa na sauti iliyouzidi mwili. Juu ya kanga yake alikuwa amevaa koti la kijivu la Majid, lile lisilo na kifungo hata kimoja. Kofia ya Majid ilimkaa upande. Mkononi alishika fimbo ya Majid.

"Mbona umesimama kama nguzo ya simu?" aliuliza kwa sauti nzito ya kilevi. "Mpishe baba yako apite."

"Bi Maua, sina muda wa mchezo asubuhi hii."

"Muda utakuwa nao. Mimi nimekufa." Akavua ile kofia, na sauti ikarudi kuwa yake. "Baba yako amefariki, mtani. Alfajiri, kule hospitali ya Kitete. Ni lile tumbo lake. Wamekwisha mrudisha nyumbani, yuko uani anangoja kuoshwa. Nimekuja mwenyewe kwa sababu wengine wote wanakuogopa."

Darwesh alitafuta moyoni mwake kitu cha kuhisi, akakuta chumba kimefungwa. "Sisi ni wa Mwenyezi Mungu," alisema, maana ndivyo inavyosemwa, "na kwake tutarejea. Wataosha wengine."

"Wengine gani? Yule mlevi mwenzake, Masele? Masele hawezi kuosha uso wake mwenyewe."

"Shairi langu umelisikia, Bi Maua. Tabora nzima imelisikia. Nilisema sitamwosha, na mimi si mtu wa kula maneno yangu."

Bi Maua alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, polepole, kama anayechagua papai. "Nimelisikia," alisema. "Lina kilema." Akavaa kofia, akageuka, akaenda zake akipepesuka kwa makusudi na kugonga kila mlango. Ko. Ko-ko. Ko.

*

Si kwamba Bi Maua alikuwa hana adabu. Alikuwa kazini. Tangu siku zile babu wa babu zake Darwesh walipobeba pembe mabegani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakipita Uzaramo na kiu yao na vidonda vya miguu, Mnyamwezi na Mzaramo wamekuwa watani. Njia ya misafara ilikwisha, ikaja reli juu yake, na reli ndiyo iliyomleta Bi Maua na marehemu mumewe, fundi wa vichwa vya treni; lakini utani haukushuka njiani. Akifa Mnyamwezi, Mzaramo huja kumcheka. Huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, husema mbele ya watu yale ambayo ndugu wameyameza miaka yote. Na hairuhusiwi kukasirika. Atakayekasirika hulipa faini, na faini ni chochote atakachokitaja mtani.

Darwesh alilijua hilo tangu utotoni. Kilichomkera ni lile neno, kilema. Kwa sababu alikuwa akijua kwamba ni kweli.

Shairi alilitunga mwaka wa pili baada ya kukimbilia kwa Maalim. Hakuna aliyemfundisha kutunga. Alikuwa akikaa nyuma ya waimbaji wa kasida, anahesabu mizani kwa vidole ndani ya mfuko wa kanzu, mpaka siku moja vidole vikaanza kuhesabu maneno yake mwenyewe. Alilighani harusini, mbele ya umati, na kesho yake watoto wakawa wanaliimba njiani:

Kuna mtu hapa Cheyo, jina lake silitaji,
Pombe imekula moyo, amekuwa mtambaji,
Hasikii wito huyo, wala hana mfariji,
Akifa si wa kwangu, msinijie na maji.

Mizani nane kila kipande, kama inavyotakiwa. Isipokuwa pale mwanzo wa mstari wa mwisho. Akifa si wa kwangu. Saba. Kwenye harusi aliivuta sauti, saba ikapita kama nane, na hakuna aliyetambua. Lakini yeye aliijua. Alijaribu kuijaza mara nyingi hata akachoka: akaweka "huyo", akaweka "kabisa", akaweka "jamani". Kila neno aliloliingiza lilitoka lenyewe kama jino bovu. Mtu anayejivunia mizani yake, na mstari anaoupenda kuliko yote unachechemea.

*

Maalim Nasor alikuwa dukani kwake, ana rafu ndefu na bidhaa chache: chumvi, viberiti, na unga wa njano wa msaada ambao kila mtu aliusema vibaya na kila mtu aliupangia foleni. Ukoo wake ulitoka Omani na misafara, ukafanya biashara Tabora vizazi kadhaa. Sasa biashara ilikuwa imebaki ya kupisha muda kati ya sala na sala. Alikuwa mtu wa polepole. Upole wake ulimkondesha Darwesh.

"Habari nimeipata," alisema Maalim. "Mungu amrehemu. Unakwenda?"

"Nitakwenda kuswali. Kuosha siendi. Kuosha maiti ni fardhi ya wote, Maalim. Wakitimiza baadhi, wengine imewatoka. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ni kweli. Imeandikwa hivyo."

"Basi sheria inaniruhusu."

"Sheria inakuruhusu mengi," alisema Maalim, akapangusa mizani ya duka ambayo haikuwa na vumbi.

Darwesh alingoja. Laiti mzee huyu angegombana naye angalau mara moja. "Maalim, niambie wazi. Unaniona mbaya?"

"Nakuona umekasirika. Na wazee wa kijijini wako kwangu, unajua."

Hapo ndipo penyewe. Katika barabara ya Nzega kulikuwa na kijiji kipya cha ujamaa, watu waliohamishiwa hapo mwaka uliopita, kila familia na kiwanja chake na nguzo zake. Walikuwa wamejenga msikiti wa udongo kwa mikono yao. Watoto walikuwepo, hapakuwa na mtu wa kuwasomesha. Wakamwomba Maalim mwalimu, na Maalim akataja jina la Darwesh. Na Darwesh, tangu siku hiyo, hakuwa akiota kingine. Chuo chake mwenyewe. Mahali ambapo hakuna mtu atakayemwita mtoto wa Majid.

Kisha likatokea la Masele. Masele alikuwa mnywaji mwenza wa Majid, na mwezi uliotangulia alisimama akakojolea ukuta wa msikiti huku akiimba. Darwesh alimtoa jino kwa pigo moja. Alidhani atasifiwa. Maalim alimwangalia tu, akasema, "Mkono huo nimewahi kuuona kwa mtu mwingine." Na suala la kijiji likasimama pale pale.

"Kesho wanaondoka na lori la pamba," Maalim alisema sasa. "Nitawapa jibu baada ya mazishi. Mimi simpeleki mtu kwenye watoto wa watu mpaka nijue mkono wake unamtii nani."

"Mkono wangu unamtii Mungu."

"Inshallah," alisema Maalim. Na Darwesh hakupata kusikia neno lililomkera zaidi ya hilo siku ile.

*

Ua wa Majid ulikuwa umejaa. Darwesh aliingia na kanzu yake nyeupe, shingo imenyooka, na kila hatua ikakutana na mkono wa pole. Pole, mtoto wa Majid. Jikaze, mtoto wa Majid. Miaka kumi anafanya kazi usiku na mchana ili aitwe kitu kingine, akafunga sunna zote, akalala msikitini kwenye jamvi tupu, na ua mzima haukuwa na jina jingine la kumpa.

Nyumba ilikuwa vilevile. Dirisha lilelile ambalo mama yake alipitia, alfajiri moja, na furushi la nguo, kwenda kwao Nzega asirudi tena. Kizingiti kilekile alichokiruka yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili, anavuja damu mdomoni, akakimbia bila kujua aendako, mpaka alipoona mlango ulio wazi na viatu vingi vimepangwa nje. Akaingia. Ulikuwa msikiti. Watu walikuwa wameinama wote pamoja na hapakuwa na anayefoka. Alijilaza nyuma ya nguzo akalala. Alipoamka alikuta amefunikwa shuka, na hakuna aliyemuuliza yeye ni mtoto wa nani. Aliamua siku ile, akiwa bado na damu kwenye meno, kwamba atakaa hapo. Wengine huingia dini kwa hoja. Yeye aliingia kwa shuka.

Maalim alikuwa ameketi kwenye mkeka na wale wazee wawili wa kijijini, watu wakavu wa jua, kimya. Masele alikuwa pembeni analia kwa sauti, pengo likionekana, kana kwamba yeye ndiye mwana. Upande wa pili wa ua, nyuma ya mapazia ya kanga, palikuwa pameandaliwa kitanda cha kuoshea. Ndoo zilikuwa tayari. Hakuna aliyekuwa amezigusa. Watu walikuwa wakimtazama Darwesh, kisha ndoo, kisha Darwesh.

Akaketi. Akafungua juzuu. Na ndipo ilipoingia.

Ko. Ko-ko. Ko.

Bi Maua alipita langoni ndani ya koti la marehemu, akagonga mlango, akagonga mtungi, akagonga kichwa cha Masele. "Nani analia kwangu? Wewe Masele? Lia polepole, unamaliza machozi, kesho utanililia na nini?"

Ua ukaanza kucheka, kwanza kwa pua.

"Enyi jamaa," alisema Bi Maua kwa sauti ileile ya Majid, nzito, yenye mafuta, "mnaniona nimekufa mnafurahi. Nani atawaamsha sasa? Mtanunua jogoo?" Akapepesuka. Akajikwaa kwa ustadi kwenye kizingiti chenyewe ambacho Majid alijikwaa miaka yote. Wanawake walishika mbavu. Hata mmoja wa wazee wa kijijini alitabasamu kidogo, akaficha kwa ndevu.

Darwesh aliendelea kusoma. Herufi zilikuwa zinamkimbia.

"Darwesh!" Bi Maua alifoka. "Koroboi iko wapi? Nimekwambia uiwashe. Umeiwasha? Hujaiwasha. Njoo hapa." Akavuta mto mmoja kutoka mkekani, akausimamisha mbele yake, akainua fimbo. "Unanitazama hivyo? Unanitazama hivyo wewe?" Na fimbo ikashuka juu ya mto. Vumbi likaruka.

Neno kwa neno. Hakubadilisha hata pumzi. Watu walicheka, kisha wakacheka kidogo, na Darwesh akafunga juzuu. Bi Maua ameyajuaje maneno haya? Yalisemwa ndani, mlango umefungwa. Akawatazama majirani mmoja mmoja, na kila uso aliofikia uliinama. Kumbe wote waliyajua. Ukuta wa udongo hauna siri. Miaka yote walikuwa wakisikiliza, kila neno, kila pigo.

Bi Maua alikuwa amekwisha lijua hilo kabla yake. Aliweka fimbo chini. Akavua koti. Akabaki na kanga zake, na sasa alikuwa anamwigiza mtu mwingine: mama mnene anayekaanga vitumbua. Akainua kichwa kana kwamba amesikia kitu kutoka kwa jirani yake Majid, upande wa pili wa ukuta. Akasikiliza. Kisha akavuta kanga akaziba masikio yote mawili, akaendelea kugeuza vitumbua.

Hakuna aliyecheka.

"Huyo ni mimi," alisema Bi Maua kwa sauti ya kawaida. "Na huyu," akaelekeza mkono kwa balozi wa nyumba kumi, "aliongeza sauti ya redio." Balozi aliangalia viatu vyake.

Pengine angeishia hapo. Lakini mtani haachi nyama kwenye mfupa. Akavaa tena koti, akaokota fimbo, akasimama mbele ya Darwesh kabisa. "Na mwanangu naye ni hodari," alisema. "Mnajua kanitungia shairi? Msomi wangu. Nipigieni makofi niwaimbie."

Akaliimba. Alikuwa na sauti nzuri kuliko Darwesh mwenyewe, na aliimba kwa makofi, kofi kwa kila mizani, na watu wakamwitikia kwa sababu kila mtu alilijua. Kuna mtu hapa Cheyo. Pombe imekula moyo. Hasikii wito huyo. Kisha akafika mstari wa mwisho. Akifa si wa kwangu, aliimba, na mikono ya ua mzima ikapiga mara moja zaidi, kofi kavu lisilo na neno.

Bi Maua alisimama. Akatazama kiganja chake kama mtu aliyeokota kitu. "Hebu ona. Nimebaki na kofi mkononi," alisema. "Nimpige nani nalo?"

Akaimba tena ule mstari, na tena kofi likabaki. "Darwesh, mwanangu, hapa umemeza nini? Neno gani hili limekukwama kooni? Miaka yote unachechemea hapa. Unachechemea kama mimi baba yako."

Darwesh hakujua amesimamaje. Alijua tu kwamba fimbo ilikuwa imetoka mkononi mwa Bi Maua na sasa ilikuwa mkononi mwake, juu ya kichwa chake, na mpingo ulikuwa mzito na mtamu kiganjani, kama kitu alichozaliwa nacho. Aliona uso wa Bi Maua chini yake. Mama huyo hakurudi nyuma hata kidogo. Aliona mkono wa mwanamke mmoja nyuma yake ukipanda wenyewe kuziba sikio. Ua mzima ulikuwa kimya, na katika kimya hicho Darwesh alisikia pumzi ya Majid Masolwa, nzito, yenye kukoroma, na ilikuwa ikitoka puani mwake mwenyewe.

Maalim Nasor hakusimama. Wazee wa kijijini hawakusimama. Walikuwa wakitazama ule mkono.

Fimbo iliteremka polepole mpaka ikafika chini.

"Amekasirika," alisema Bi Maua, bila kupaza sauti. "Jamani mmeona wenyewe. Mtani kakasirika."

"Kakasirika," watu wakaitikia. Masele alisema kwa furaha ya kulipiza jino, "Faini hiyo. Mbuzi."

"Nyamaza, Masele, wewe hata mbuzi ukimwona unamwamkia. Faini nataja mimi." Akavua lile koti kwa mara ya mwisho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya fimbo. "Sitaki mbuzi. Sitaki kuku. Nataka maji. Ingia mle ndani umwoshe mzee wako."

"Bi Maua, nilisema..."

"Ulisema kwa shairi bovu. Shairi bovu halimfungi mtu. Faini inamfunga."

Darwesh alimgeukia Maalim, mwenye fardhi zote na vitabu vyote. Maalim alikuwa amekwisha anza kukunja mikono ya kanzu.

*

Nyuma ya kanga palikuwa na joto na harufu ya kafuri. Majid Masolwa alikuwa amelala chali, amefunikwa toka kitovuni hadi magotini. Alikuwa mdogo. Hilo ndilo lililomshangaza Darwesh kwanza na kumkasirisha: kwamba mtu aliyejaza nyumba nzima, aliyejaza hata usingizi, alikuwa mwembamba hivi, kifua kama kapu lililoisha kazi, tumbo tu ndilo limebaki kubwa.

"Nia kwanza," alisema Maalim kwa sauti ndogo. "Kisha umsafishe, umtawadhishe. Kisha mwili. Anza kuume."

Anza kuume. Bila shaka. Kila kitu chema huanza kuume. Na mkono wa kuume ndio uliokuwa wa fimbo.

Aliushika. Alikuwa hajawahi kuushika; ulikuwa umemshika yeye tu. Ulikuwa laini kwa ndani kuliko alivyodhani. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na kovu la zamani ambalo hakulijua, na hangelijua tena, maana mwenye kulisimulia alikuwa ameondoka. Akamimina maji. Akasugua katikati ya vidole, kimoja kimoja, kama alivyowafundisha watoto chuoni kutawadha. Hakulia. Hakusamehe pia, au kama alisamehe hakuliona likitokea. Alikuwa anaosha tu, na alikuwa bado na hasira, na mkono wake ulikuwa unakwenda taratibu hata hivyo. Hilo lilikuwa jipya kwake: kwamba hasira inaweza kuwepo na mkono ukaendelea kuwa mpole.

Maji ya majani ya mkunazi ya kuoshea yaliisha. Ndoo ya kafuri ilikuwa bado nje. Darwesh alikuwa amemwinua baba yake upande, amemweka juu ya paja lake, hakuweza kumwachia. Akapaza sauti nje ya pazia:

"Jamani, leteni maji."

Kisha mkono ukasimama juu ya bega la maiti. Vidole vya mkono mwingine vilikuwa vimeanza vyenyewe, kama kawaida yao.

Jamani, leteni maji. Nane.

Na ule mstari wenye kilema ukaja na neno lake mkononi, kama mgeni aliyegonga miaka yote na kuachwa nje. Akifa ni baba yangu. Nane. Alikuwa ametafuta neno la kuujaza kila mahali, isipokuwa pale lilipokuwa. Hakuna shairi lolote alilolitunga maishani ambalo alikuwa ameliingiza neno "baba".

"Nini?" aliuliza Maalim.

"Hakuna kitu. Mizani."

Maalim Nasor, mtu wa polepole, akampa kata ya maji. "Tuendelee," alisema. "Upande wa kushoto."

*

Walimzika adhuhuri. Darwesh aliswalisha mwenyewe, akashuka kaburini mwenyewe, akampokea mwenyewe. Waliporudi, Maalim aliwaambia wale wazee neno fupi ambalo Darwesh hakulisikia, na mmoja wao, yule aliyeficha tabasamu kwenye ndevu, akamjia akamwambia, "Lori linatoka mapema, mwalimu. Usibebe vitu vingi." Akaenda zake. Mwalimu. Lilimkaa vibaya kidogo, kama kanzu mpya.

Alasiri alimkuta Bi Maua uani, peke yake, amekaa juu ya kinu na fimbo magotini. Watani huchukua kitu cha marehemu. Ndiyo haki yao.

"Umechagua hiyo?" Darwesh aliuliza.

"Koti lina chawa." Alisogea kidogo. "Umekuja kugombana?"

"Nimekuja kukurudishia kofi lako." Akamwimbia ule mstari, polepole, bila kuvuta sauti popote. Akifa ni baba yangu, jamani leteni maji. Bi Maua alipiga makofi juu ya paja, moja moja, macho yamefumba. Yakaisha pamoja na maneno. Akasikiliza kama kuna lililobaki. Halikubaki.

"Sasa limenyooka," alisema. Alijipangusa macho kwa upindo wa kanga, akakasirika kwamba ameonekana. "Moshi huu. Na kile kijiji chako, utafundishia nini? Bakora?"

Darwesh aliitazama ile fimbo. Kiganja chake kilikuwa bado kinaukumbuka uzito wake, na alijua kitaukumbuka siku zote. Sala haitakiondolea hilo, itakipa tu kazi nyingine ya kufanya. Akachuchumaa mbele ya Bi Maua mpaka macho yao yakawa sawa, akaweka mkono wa kuume juu ya mpingo.

"Kaa nayo, mtani," alisema kwa sauti ambayo watu wa nyumba ya pili waliisikia. "Na siku utakayoambiwa nimeinua mkono juu ya mtoto wa mtu, panda lori uje nayo. Ugonge mlango wa chuo changu vilevile kama ulivyogonga leo, uniigize mbele ya watoto wote, mwendo na sauti na kila kitu. Nakuahidi, Bi Maua, sitakasirika."